Petroli Haiogopi Baridi ya Nyeri

Leo mazungumzo yetu ni ya mafuta. Sizungumzii ya kupikia chapati. Nazungumzia petroli, mafuta ya taa na dizeli, bidhaa ambazo zimo katika maboma yetu mengi, kama si kwenye tangi la pikipiki basi kwenye stovu chini ya meza au kwenye mtungi nyuma ya duka.

Nimechagua mada hii kwa sababu ya imani moja iliyoenea huku kwetu mlimani, Nyeri hadi Nanyuki. Tunaamini kwamba hatari ya mafuta kuwaka ovyo ni ya watu wa joto: wa Mombasa, wa Garissa, wa Lodwar. Sisi ambao mwezi wa Julai tunavaa makoti mawili na kushinda bila kuliona jua, tunadhani baridi yetu imeyatuliza mafuta. Imani hiyo ni ya kweli nusu, na ile nusu isiyo ya kweli inaua.

Tuanze na sayansi yenyewe, na nitaieleza taratibu. Petroli, mafuta ya taa na dizeli ni ndugu wa baba mmoja, yaani mafuta ghafi. Zote ni haidrokaboni, maana yake molekuli zake zimejengwa kwa kaboni na haidrojeni. Kinachozitofautisha ni urefu wa minyororo ya kaboni. Molekuli za petroli ni fupi, zenye kaboni kuanzia 4 hadi 12 hivi. Za mafuta ya taa ni ndefu kidogo, kama 10 hadi 16. Za dizeli ni ndefu zaidi. Molekuli fupi huponyoka upesi kutoka kwenye kioevu na kupaa hewani. Molekuli ndefu hushikana, nazo hutoka pale tu zinapopashwa joto.

Sasa shika jambo hili, kwa maana kila kitu nitakachosema baadaye kinalitegemea: mafuta katika hali ya kioevu hayawaki. Kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Kila aina ya mafuta ina kiwango chake cha joto ambacho, yakikifikia, huanza kutoa mvuke wa kutosha kushika moto. Kwa petroli, kiwango hicho ni takriban nyuzi 40 chini ya sifuri. Narudia: chini ya sifuri. Kwa mafuta ya taa ni kuanzia nyuzi 38 hivi juu ya sifuri. Kwa dizeli ni zaidi ya nyuzi 50.

Msikilizaji, baridi gani ya Nyeri inafika nyuzi 40 chini ya sifuri? Hakuna. Hata ukipanda hadi kilele cha Lenana, mita 4,985 juu ya bahari, ambako maji huganda usiku, petroli bado iko tayari kuwaka. Asubuhi ya Julai pale King'ong'o, ukifungua tangi la pikipiki, mvuke wa hatari unatoka vilevile. Unatoka polepole kuliko Mombasa, lakini unatoka. Hiyo ndiyo nusu ya uongo katika imani yetu.

Nusu ya kweli inahusu mafuta ya taa. Katika hali ya hewa ya Nyeri, ambako mchana wa kawaida haufiki nyuzi 30, mafuta ya taa yaliyo safi hayatoi mvuke wa kutosha kuwaka yenyewe. Ndiyo maana koroboi inahitaji utambi. Utambi huyavuta mafuta juu, moto wa kiberiti huyapasha pale kwenye ncha, mvuke hutoka hapo tu, na mwali ukakaa hapo. Shosho zetu waliziwasha koroboi hizo kwa miaka mingi na nyumba nyingi zikabaki salama. Ilikuwa kazi ya molekuli ndefu.

Lakini hata hapo mlima una la kusema. Mji wa Nyeri uko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na Nanyuki iko juu zaidi. Mgandamizo wa hewa huku ni takriban robo tatu na ushee wa ule wa pwani. Ndiyo sababu maji yetu huchemka kwenye karibu nyuzi 94 badala ya 100, na maharagwe yetu hukawia jikoni. Mafuta nayo huathirika. Hewa ikikandamiza kidogo, mvuke huponyoka kwa urahisi zaidi, na kile kiwango cha kushika moto hushuka. Wapimaji wa mafuta wana hesabu ya kurekebisha jambo hilo, na kwa mwinuko wa Nyeri tofauti ni karibu nyuzi 5. Mafuta ya taa ambayo Mombasa yangehitaji nyuzi 38, hapa yanaweza kushika moto kwenye nyuzi 33 hivi. Sasa fikiria mtungi mweusi ulioachwa juani mwezi wa Februari, au kibanda cha mabati saa nane mchana. Nyuzi 33 haziko mbali.

Tuendelee. Ule mvuke wa petroli ukishatoka unaenda wapi? Wengi hudhani unapanda juu na kupotea kama moshi. La. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara 3 hadi 4. Hushuka chini, hutambaa sakafuni, hupita chini ya mlango, huingia mtaroni, na katika nchi yetu ya mabonde na miteremko hufuata mteremko kama ukungu wa asubuhi unavyoshuka kuelekea mto Gura. Tofauti ni kwamba ukungu unauona. Mvuke huu huuoni. Aliyemwaga petroli yuko juu kwenye duka, na anayepika chapati yuko chini kwenye bonde. Moto utaanzia kwa mpika chapati kisha uupande mteremko hadi ulikotoka petroli.

Ni mvuke kiasi gani unaohitajika? Ukiwa asilimia 1 na nusu tu ya hewa, unatosha kuwaka. Ukizidi asilimia 7 hivi, hauwaki kwa kukosa hewa, lakini usijipe moyo, kwa sababu pembeni mwa wingu hilo lazima pawepo mahali ambapo kipimo kimetimia. Lita moja ya petroli ikimwagika na kukauka yote ndani ya chumba cha kupanga cha futi 10 kwa 10, mvuke wake unatosha kuifanya hewa iwe ya kulipuka kuanzia sakafuni hadi kimo cha kifua. Lita moja tu, wasikilizaji. Na jiko letu liko wapi? Sakafuni.

Tuna ushahidi wa haya yote, nao umeandikwa kwa maisha ya watu. Tarehe 31 Januari 2009, lori la petroli lilianguka Sachangwan, karibu na Molo. Watu walikimbilia kuchota kwa mitungi na ndoo. Moto ulipowaka, zaidi ya watu 100 walikufa. Tarehe 12 Septemba 2011, petroli ilivuja kutoka kwenye bomba kule eneo la viwandani Nairobi, ikafuata mtaro hadi kijiji cha Sinai, na karibu watu 100 wakapoteza maisha. Jirani zetu nao wameyaona: Sange, Kongo ya mashariki, Julai 2010, zaidi ya watu 200; Morogoro, Tanzania, Agosti 2019, karibu 100. Halafu Malanga, kule Siaya, Julai 2021, watu 13.

Ukisikiliza watu wakisimulia visa hivyo, kila mara husakwa mtu mmoja wa kulaumiwa: aliyewasha sigara, au aliyeng'oa betri ya lori. Lakini pale ambapo maelfu ya lita zimemwagika, kila kitu ni kiberiti. Pikipiki inayonguruma, injini ya moto, chuma kikigonga jiwe. Wale waliokuwa wakichota walikuwa wamesimama ndani ya wingu la mvuke, na nguo zao zimelowa. Hawakuwa na muda wa kukimbia, maana moto wa mvuke huenda kasi kuliko miguu ya binadamu.

Jambo hili linatuhusu moja kwa moja. Bomba la mafuta kutoka Mombasa, lililoanza kazi mwaka 1978, linafika Nairobi na kuendelea Nakuru, Eldoret na Kisumu. Halifiki Nyeri. Petroli yetu huja kwa malori, inapita Thika, Sagana na Karatina, inateremka na kupanda vilima hadi Nyeri na Nanyuki. Tunaona malori hayo kila siku. Siku moja mojawapo linaweza kulala kwenye kona. Siku hiyo, anayekimbia kuelekea lorini na mtungi amechagua kaburi. Anayekimbia kuelekea upande wa juu wa mteremko, upepo ukimjia usoni, huku akizima simu na kuwarudisha watoto, huyo ameelewa sayansi.

Sasa niguse uchanganyaji wa mafuta, maana hapo ndipo hatari na wizi hukutana. Kwa miaka mingi mafuta ya taa nchini Kenya yalikuwa na kodi ndogo, kwa kuwa ni ya wanyonge. Bei ikawa chini ya petroli na dizeli, na wajanja wakaona mwanya. Waliyamimina ndani ya dizeli na petroli na kuuza kwa bei ya juu. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuziba mwanya huo, na bei yake ikasogea karibu sana na ya dizeli. Tanzania ilikuwa imepita njia hiyo hiyo mwaka 2011. Wachakachuaji walibanwa, ni kweli, lakini aliyelipa ni mama wa mtaa wa Majengo aliyekuwa akinunua mafuta ya shilingi ishirini kwenye chupa.

Mwenye pikipiki na mwenye matatu walikuwa wakipata hasara gani? Pampu ya injini ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Mafuta ya taa ni mepesi, hayalainishi vizuri, kwa hiyo pampu hulika mapema. Kwenye injini ya petroli, mafuta ya taa hayakauki upesi wala hayawaki kwa wakati wake. Injini inagonga, inatoa moshi, plagi inajaa masizi, na kupanda mlima inakuwa taabu. Ukishuku petroli yako, dondosha matone machache kwenye karatasi nyeupe, mbali kabisa na moto. Petroli safi hukauka bila kuacha alama. Ikibaki doa la mafuta lisilotaka kukauka, kuna kitu kimeongezwa. Piga ripoti kwa EPRA, mamlaka ile ile inayotutangazia bei tarehe 14 ya kila mwezi.

Uchanganyaji huo wa wizi unaumiza mfuko. Ule wa kinyume, petroli kuingia ndani ya mafuta ya taa, unaumiza mwili. Mara nyingi hautokani na nia mbaya. Mwenye duka jana alipokea petroli kwenye mtungi, leo anautumia mtungi huo huo kupokea mafuta ya taa. Faneli ni moja, pampu ya mkono ni moja. Asilimia chache tu za petroli zinatosha kushusha kiwango cha kushika moto cha mafuta ya taa kutoka nyuzi 38 hadi chini ya joto la kawaida la chumba. Rangi haibadiliki sana. Harufu mama anaizoea. Anajaza stovu, anawasha, na badala ya mwali kukaa kwenye utambi, unaingia ndani ya tangi. Nchini Nigeria madaktari wameandika kwa miaka mingi kuhusu majeruhi wa stovu na taa zilizolipuka kwa njia hiyo. Basi mwenye duka, mitungi yako iwe miwili, kila mmoja na faneli yake, na iandikwe kwa herufi kubwa. Nawe mnunuzi, mafuta ya taa yakinuka petroli, yarudishe.

Kuna mambo mawili zaidi ya kifizikia yanayotuhusu sisi wa mlimani. La kwanza ni kutanuka. Petroli hutanuka karibu asilimia 1 kwa kila nyuzi 10 za joto. Ukijaza mtungi wa lita 20 hadi mdomoni alfajiri ya Nanyuki, kisha ukateremka Isiolo ambako mchana joto limepanda nyuzi 15, zaidi ya robo lita inatafuta pa kwenda. Itapasua mfuniko au itavuja ndani ya gari. Acha nafasi juu kila mara.

La pili ni umeme tuli. Petroli haipitishi umeme vizuri. Inapotiririka kuingia kwenye mtungi wa plastiki hujikusanyia chaji, na chaji hiyo ikiruka, cheche ndogo isiyoonekana hutosha. Miezi mikavu ya Januari na Februari, upande wa Kieni na Laikipia, hewa ikiwa kavu, hatari huongezeka. Ndiyo maana mhudumu mwangalifu hukuambia uteremshe mtungi ardhini, wala hatii mafuta mtungi ukiwa ndani ya gari au juu ya pikipiki. Hakusumbui, anakulinda.

Maji je? Petroli, mafuta ya taa na dizeli zote ni nyepesi kuliko maji na hazichanganyiki nayo. Lita moja ya petroli ina uzito wa karibu robo tatu ya kilo. Kwa hiyo ukimwagia maji moto wa petroli, maji huzama chini, mafuta yanayowaka huelea juu, na umeyasaidia kusafiri hadi kwa jirani. Tumia mchanga, udongo, blanketi zito lililoloweshwa, au kizima moto cha unga au cha povu. Lakini kama ni nguo za mtu zinazowaka, mlaze chini, mviringishe, kisha mwagie maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, unga na mayai visikaribie kidonda.

Na mtoto akinywa mafuta ya taa kutoka kwenye chupa ya soda, tafadhali mama, tafadhali baba, tafadhali guka, msimtapishe. Msimpe maziwa eti yakate sumu. Mafuta hayo ni mepesi mno, na mtoto anapotapika huteleza na kuingia mapafuni, na kwenye mapafu ndiko hasa yanakoua. Mpelekeni hospitalini mara moja, iwe Nyeri, Karatina, Nanyuki au kituo kilicho karibu, mkibeba chupa yenyewe ili daktari aione. Bora zaidi, mafuta yasiwekwe kamwe kwenye chupa ya kinywaji.

Mafundi wa gereji nao nina neno nao. Tabia ya kuosha vipuri na mikono kwa petroli iachwe. Kile kibaridi unachokisikia mkononi ni molekuli zikiondoka na joto la ngozi yako, zikaingia katika hewa unayoivuta. Baadhi yake ni benzini, ambayo husababisha saratani ya damu. Osha vipuri kwa dizeli, nje penye hewa, na mikono kwa sabuni.

Nimalizie kwa jambo zito. Mwaka 1999, hapa hapa Nyeri, viranja 4 wa Shule ya Upili ya Nyeri waliuawa usingizini na wanafunzi wenzao kwa petroli. Miaka 2 baadaye, kule Kyanguli, Machakos, wavulana 67 waliteketea bwenini kwa moto uliowashwa kwa njia hiyo hiyo. Petroli hiyo ilitoka mahali fulani, ikapita mikononi mwa watu. Kila mtungi mdogo unaouzwa bila swali unaweza kuwa na safari ambayo muuzaji hangeipenda.

Kwa hiyo nawaomba. Wenye vituo na vibanda kando ya barabara, msimuuzie petroli mtoto wala mwanafunzi, hata akisema ametumwa. Wazazi, petroli isilale ndani ya nyumba, hata lita moja, hata kwa usiku mmoja wa baridi. Wanabodaboda, zimeni injini mnapotia mafuta. Machifu na walimu, lori likianguka, watangulieni watu kuwazuia kabla hawajafika. Baridi ya mlima wetu haitatufanyia kazi hiyo.